Kilichobaki Baada ya Dhikri

Kitulizo kilikuwa kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kilibandikwa nyuma ya sikio la kushoto. Siku chombo cha anga kilichoitwa Mbayuwayu kilipoondoka katika Bandari ya Anga ya Tabora, wote waliofika kuaga walikiona kikifanya kazi. Mrisho Kapilima, nahodha wa safari, alikuwa amemkumbatia mkewe Zulfa, machozi yakimtiririka hadi kwenye ukosi wa suti yake. Daktari wa safari akamsogelea, akamfuta nyuma ya sikio kwa pamba, akambandika Kitulizo. Mrisho alishusha pumzi. Mikono yake, iliyokuwa imeng'ang'ania mgongo wa Zulfa, ikalegea taratibu. Alimtazama mkewe kwa upole, akatabasamu, akasema kwamba sasa anaweza kwenda.

Watu walipiga makofi. Zulfa naye alipiga, kwa sababu Kitulizo kilikuwa kazi ya mikono yake.

Safari ile ilikuwa ya kwenda kwenye mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, na kwenda na kurudi kungechukua zaidi ya muongo mmoja. Safari mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na hazikuharibiwa na mitambo. Mitambo ilikuwa mizima. Wasafiri ndio waliovunjika. Walianza kwa kukosa usingizi, wakaacha kula, wakaacha kusemezana, na wengine wakawa wanakaa dirishani kutwa kucha wakiitafuta Dunia, ambayo kwa umbali ule haikuwa kubwa kuliko chembe ya chumvi. Ndipo Zulfa, mhandisi wa ubongo, alipopewa kazi ya kutafuta dawa ya jambo hilo.

Aligundua kwamba ndani ya ubongo mna mahali panapolinganisha kilichopo na kinachokosekana. Mtu akiwa na kila anachokitaka, mahali hapo panatulia. Akimkosa mtu au kitu, tofauti kati ya viwili hivyo inazaa msukumo, na msukumo huo ndio watu wanaouita shauku. Zulfa aliiita tofauti hiyo pengo. Kitulizo kilisikiliza mawimbi ya pengo, kikayarudishia mawimbi ya kinyume, yakakutana na kufutana. Hakikugusa kumbukumbu wala akili. Mtu alikumbuka nyumbani kwake mlango kwa mlango, ila kumbukumbu hizo hazikumvuta tena.

Mfano wa utulivu huo aliupata kwa mama yake. Bi Mwatumu alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia na pia khalifa, yaani kiongozi, wa halaka ya wanawake wa twarika ya Kisufi katika mtaa wa Ng'ambo. Kila Ijumaa baada ya alasiri wanawake walikusanyika uani kwake, wakaketi kwa duara, wakasoma uradi, zile dua zao za kila siku, kisha wakaingia kwenye dhikri, wakilitaja jina la Mungu kwa pumzi moja mpaka sauti zote zikawa sauti moja. Zulfa alikuwa ameomba ruhusa ya kuwavika vipimo vichwani. Mama yake alikubali bila wasiwasi, kwani yeye mwenyewe alipenda kujua. Vipimo vilionyesha kwamba dhikri ilipofika kileleni, pengo lilifutika kabisa katika vichwa vyote. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakijadili masufi wanatafuta nini, na Zulfa akaona amekipata kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja mnyoofu usiotikisika. Mstari huo ndio alioutia ndani ya Kitulizo.

Jamaa wa wasafiri nao walipewa Vitulizo, wale waliotaka. Zulfa alikuwa wa kwanza kutaka. Alirudi nyumbani siku ile ya kuaga, akajibandika mwenyewe mbele ya kioo, akaenda kupika.

Miaka ikapita kwa wepesi. Mrisho alituma ujumbe kila wiki, na Zulfa alimjibu. Walielezana habari za kazi, afya na hali ya hewa. Kitulizo nacho kikatoka bandarini na kuingia mjini. Waliofiwa walikitaka, walioachwa walikitaka, wanafunzi waliosoma mbali na kwao wakanunuliwa Vitulizo. Tabora ilikuwa mji mkubwa kwa wakati huo, wenye treni za sumaku na roboti zilizopanda miombo pale ilipokatwa zamani, na sasa ukawa pia mji mtulivu. Misiba ilimalizika siku hiyo hiyo. Waliosafiri walisafiri bila kugeuka nyuma. Serikali ya mji ikampa Zulfa nishani.

Kisha ukafika wakati wa Mbayuwayu kuanza kurudi.

Kurudi kutoka Zohali hakuwezekani siku yoyote mtu atakayo. Sayari zina mizunguko yake, na kuna majuma machache tu ambayo mafuta ya chombo yanatosha kuifikia Dunia. Majuma hayo yakipita, chombo kinabaki huko kwa miaka mingine mingi, na hakuna aliyejua kama mitambo ya kutengeneza chakula ingedumu muda wote huo. Katika kituo cha mawasiliano walikuwa wakisubiri taarifa kwamba injini imewashwa. Badala yake ulikuja ujumbe wa Mrisho. Alieleza kwa sauti tulivu kwamba yeye na wenzake wamezungumza, na hawaoni sababu ya kurudi. Kazi ya utafiti inaendelea vizuri. Wote wana afya. Aliomba jamaa zao wasiwe na wasiwasi.

Mhandisi Kagoma, mkuu wa kituo, alifikiri ni mzaha, kisha akafikiri ni ugonjwa. Alituma amri. Ujumbe kutoka Tabora hadi Zohali ulisafiri zaidi ya saa nzima, na jibu lilichukua muda kama huo kurejea. Jibu lilikuwa la adabu. Mrisho alisema ameielewa amri na ameipima, na ameona ni ya watu wanaodhani kwamba kuna kitu anakikosa. Yeye hakosi kitu. Akili mnemba ya chombo ingeweza kuwasha injini, lakini kwa sheria haikuruhusiwa kufanya hivyo bila mkono wa nahodha. Wala hapakuwa na namna ya kuvizima Vitulizo kutoka Duniani. Zulfa mwenyewe ndiye aliyesisitiza, wakati wa kuviunda, kwamba asiwepo mtu awezaye kuugusa moyo wa mwenzake kwa mbali.

Kagoma akawaita jamaa wa wasafiri awape habari. Walikuja, wakaketi, wakasikiliza. Mama mmoja aliuliza kama mshahara wa mwanawe utaendelea. Mwingine alisema kama mwenyewe ameridhika basi ni vyema. Walitikisa vichwa kwa heshima, wakaanza kukusanya mikoba yao. Mtu mmoja tu hakuinuka. Huyo alikuwa Mzee Kaloli, baba wa Anjela, daktari wa chombo, ambaye tangu mwanzo alikikataa Kitulizo akisema kichwa chake kimeshazeeka na kimezoea mambo yake. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa kofia na mabega yake yakitikisika. Watu walipita mbele yake wakimtazama kwa mshangao wa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyeijua desturi ya mahali.

Zulfa alikaa naye. Alijua maneno ya kumwambia mtu aliye katika hali ile, akayasema. Mzee Kaloli alitoa kofia usoni, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Na wewe ni mkewe yule nahodha," akasema.

"Ndiyo, baba."

Mzee alirudisha kofia usoni. Zulfa alirudi ofisini kwake akijaribu kujua kwa nini macho yale yalimfuata. Aliyaona. Aliyaelewa. Hayakumuuma, na hilo ndilo lililoanza kumtia mashaka, kwa akili tu, mithili ya fundi anayeona mashine inazunguka bila kutoa sauti.

Kesho yake asubuhi alikwenda Ng'ambo. Alimkuta mama yake akipiga pasi kanga. Alimwamkia, akaketi kitandani, akamweleza yote. Bi Mwatumu alisikiliza bila kuacha kazi yake mpaka aliposikia habari za wale jamaa waliokusanya mikoba yao. Hapo aliiweka pasi pembeni.

"Mumeo unamtamani?" akauliza.

"Namkumbuka sana, mama."

"Sijakuuliza kama unamkumbuka."

Zulfa alitafuta jibu kama mtu anavyopapasa mfukoni, akakuta mfuko mtupu. Bi Mwatumu alivuta kiti, akaketi mbele yake, na alipozungumza alizungumza kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani. Alikumbusha ile Ijumaa ya vipimo. Alisema Zulfa na wasaidizi wake walipima vizuri, lakini dhikri ilipokwisha tu walivizima vipimo, wakavikunja, wakaondoka na gari. Hawakukaa kuona kinachofuata.

"Kinafuata nini?"

"Tunalia," alisema Bi Mwatumu. "Halafu tunapika. Aliyekosewa anaombwa msamaha, mwenye mgonjwa nyumbani tunafuatana naye. Wewe ulituona tuliponyamaza ukadhani tumefika. Kule kunyamaza tunakuita fanaa, mtu kuisahau nafsi yake. Ni kweli panapendeza. Lakini wakubwa wetu hawakumsifu mtu aliyebaki huko. Walimsifu aliyerudi, na kurudi huko ndiko bakaa. Na huwezi kurudi kama huna kinachokuvuta."

Zulfa alisema kwamba kwa sayansi yake pengo ni upungufu, na kila kiumbe kinajaribu kuuziba. Mama yake alikubali kwamba hivyo ndivyo wanavyofundisha, na kwamba hata yeye alifundisha hivyo, kuwa kila kitu kinatafuta kutulia. Lakini masufi, alisema, wanalitazama pengo lile lile kwa upande mwingine. Kwao, huwezi kumtamani usiyemjua kabisa. Shauku ya mtu ni dalili kwamba kile anachokitaka kimekwisha kumgusa. Ukiizima, hujampa alichokuwa akikitafuta. Umekata uzi aliokuwa ameushika.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe nusura akibandike. "Baba yako alipofariki uliniletea kimoja. Nilikiweka mezani nikawa nakitazama. Nilichoka, Zulfa. Usidhani nilikikataa kwa sababu mimi ni khalifa. Nilikikataa kwa sababu niliogopa kwamba nikiamka siku moja nisimlilie, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Ijumaa iliyofuata Zulfa alirudi na vipimo vyake. Dhikri ilianza, ikapanda, ikafika kileleni, na mstari ukanyooka kama zamani. Safari hii hakuvizima. Wanawake walipotulia, kisha wakaanza kufuta macho na kukumbatiana, mstari uliinuka. Ulipita pale ulipokuwa kabla ya dhikri, ukaendelea kupanda. Mwanamke aliyekuwa jirani yake alikuwa akitabasamu na kulia kwa pamoja, na pengo lililokuwa kichwani mwake lilikuwa kubwa kuliko lolote ambalo Zulfa aliwahi kulipima. Yule mwanamke aliinuka, akaenda jikoni kusaidia kupakua pilau.

Zulfa alikaa mbele ya kioo mpaka vyombo vilipooshwa. Alikuwa amewapa watu wa mji mzima nusu ya kitu na kuwaambia ndicho chote.

Hakukitoa Kitulizo chake siku ile. Alikwenda nacho sokoni Jumamosi, na akiwa mbele ya meza ya muuza matobolwa, akichagua vipande vya viazi vikavu bila kujua kwa nini amesimama hapo, alipeleka mkono nyuma ya sikio akakibandua. Kwa muda kidogo hakuona tofauti. Muuzaji alimuuliza anataka kiasi gani. Zulfa akafungua mdomo kumjibu, na Mrisho akaja.

Alikuja kwa mambo madogo. Alivyozoea kucheka kabla hajaimaliza hadithi yake mwenyewe. Alivyolala na mguu mmoja nje ya shuka hata wakati wa baridi ya Julai. Sauti ya ufunguo wake mlangoni. Miaka yote ile ambayo hakumlilia ilimjia kwa pamoja, pale pale sokoni, na Zulfa akashika ukingo wa meza. Muuzaji alizunguka haraka akamkalisha juu ya gunia. Alipouliza anaumwa nini, Zulfa hakuweza kusema zaidi ya kwamba mume wake yuko mbali. Muuzaji alimpa maji, akampepea kwa kipande cha boksi, akawaambia wateja wengine wasubiri.

Kituoni Kagoma alikuwa ameandaa ujumbe wa mwisho wenye hesabu za chakula na uchakavu wa mitambo. Majuma yalikuwa yanakwisha. Zulfa alimwomba ampishe. Kagoma alitazama macho yake yaliyovimba, akampisha bila kumuuliza.

Zulfa alizungumza mbele ya kipaza sauti bila kuandika kitu. Alimweleza Mrisho habari za vipimo, nusu aliyoipima na nusu aliyoiacha. Alimweleza kwamba amekitoa chake. Sauti yake ilikatika mara kwa mara na hakujaribu kuificha.

"Sikuombi urudi," alisema mwishoni. "Kurudi ni uamuzi wako. Nakuomba ukitoe, hata kwa muda mfupi, uamue ukiwa mzima. Ukinitamani kisha ukaona ubaki, nitakubali. Sasa hivi siwezi kukubali, kwa sababu sijui kama aliyeniaga ni wewe."

Saa zikapita. Jibu lilikuwa swali moja. Mrisho, kwa utulivu ule ule, alisema amemsikia akiumia. Alitaka kujua kwa nini, kama kunauma kiasi hicho, hajakirudisha.

Kagoma aliona swali hilo ni baya. Zulfa aliona ni zuri, kwa kuwa kutaka kujua kulikuwa bado kumo ndani ya Mrisho, na Kitulizo hakikukugusa. Alimjibu kwa maneno machache. "Kwa sababu maumivu haya ndiyo sehemu yako iliyobaki hapa. Nikiyatoa, sina kitu chako."

Ulipita muda wa jibu kurejea na halikurejea. Mzee Kaloli alikuja akaketi kwenye benchi la nje, akakataa chai. Alasiri ya siku ya pili akili mnemba ya chombo ilituma taarifa fupi kwamba nahodha amekibandua Kitulizo, na kwamba mapigo ya moyo wake yamepanda. Baadaye ikaja taarifa nyingine kwamba wenzake wamebandua vyao, isipokuwa daktari. Zulfa alitoka mwenyewe kumweleza Mzee Kaloli. Mzee aliuliza kama Anjela atarudi hata hivyo pamoja na wenzake. Zulfa alimwambia ndiyo, chombo ni kimoja. Mzee akasema basi atamngoja vile vile, akishuka ataonana naye wakiwa uso kwa uso.

Injini ya Mbayuwayu iliwashwa zikiwa zimesalia saa chache kabla ya mafuta kutotosha. Kituoni watu walikumbatiana, na safari hii wengi walilia.

Sauti ya Mrisho ilifika baada ya hapo. Zulfa alizoea kumsikia akiripoti. Sasa alisikia pumzi tu kwanza, za mtu aliyekimbia.

"Zulfa. Zulfa, mke wangu. Njia ni ndefu, ni miaka. Sikujua ni hivi. Tumeshageuka, chombo kinakuja chenyewe. Niruhusu nikirudishe, nitakitoa tukikaribia. Niambie tu kwamba naruhusiwa."

Aliusikiliza ujumbe huo mara moja tu, hakuweza zaidi. Alitaka kumwambia akirudishe. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka maumivu ya mtu huyo yaishe sasa hivi, na kifaa cha kuyamaliza alikiunda yeye. Alikaa na kipaza sauti mbele yake, akafikiria wanawake wa Ng'ambo waliotoka kwenye ule ukimya mtamu kwa hiari yao, kila juma, wakarudi kwenye sufuria na wagonjwa wao.

"Sitakukataza," alimwambia. "Kiko mkononi mwako na hakuna atakayekulaumu. Ila mimi changu sikirudishi. Nitakuwa hapa."

Akabonyeza, maneno yakaondoka. Yangesafiri zaidi ya saa nzima kabla ya kumfikia, na jibu lake muda kama huo. Kagoma alimshauri aende akapumzike. Hakwenda. Alikaa akilitazama dirisha, nje ambako roboti za kupanda miti zilikuwa zikishuka bondeni na miche yao, na akatambua kwamba huko aliko Mrisho naye amekaa anangoja, hajui atajibiwa nini, na kila mmoja anamwaza mwenzake. Tangu siku ile bandarini hawakuwahi kuwa karibu kiasi hicho.

Jibu lilipofika, pumzi zake zilikuwa zimeshuka kidogo.

"Nimekifungia kwenye sanduku la sampuli," alisema Mrisho. "Sijui nitaweza mpaka lini. Zungumza nami. Niambie lolote. Niambie leo umekula nini."

Zulfa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikisogeza kipaza sauti karibu, akamwambia hivyo.